Kuvuka ni rahisi, kazi iko kwenu

Nilipojiunga na vijana wa kujitolea katika mambo ya amani, nilidhani kazi itakuwa kwenda upande wa pili kuongea na watu waliotupiga. Sasa, baada ya miaka kadhaa, naweza kusema bila kupepesa macho kwamba upande wa pili ndiko nilikopata taabu ndogo kabisa. Kule nilikuwa mgeni, na mgeni husitiriwa hata na asiyempenda. Taabu ilikuwa kwetu: sebuleni, kijiweni, msibani, kwenye kundi la simu la ukoo. Mafunzo yote tuliyopewa yalituandaa kwenda. Habari ya kurudi hakuna aliyetufundisha.

Jamii hizo sitazitaja, kwa kuwa waliofiwa wa pande zote mbili wako hai na simu wanazo. Inatosha kujua kwamba kulikuwa na upande wetu na upande wa pili, barabara katikati, na orodha mbili za marehemu zisizo na jina hata moja la pamoja.

Mwanzo wetu ulikuwa kama wa vikundi vingi: warsha. Walitukusanya vijana wa pande zote katika ukumbi ulio mbali na nyumbani. Tulicheza michezo ya kufahamiana, tukachora ule mti wa mgogoro, mizizi ikiwa chanzo na matawi ikiwa matokeo, tukabandika karatasi za rangi ukutani. Ilifurahisha, na siibezi. Ukishalala chumba kimoja na kijana wa kule, ukamsikia akikoroma usiku kucha, huwezi tena kumwona kama zimwi. Jioni ya mwisho watu walilia, wakapeana namba za simu.

Lakini ukumbi ule haukuwa na mama wala baba wa mtu yeyote. Shirika la Seeds of Peace, ambalo lilianza 1993 kuwapeleka vijana wa Kiisraeli, Kipalestina na Waarabu wengine kambini Maine, Marekani, limelijua tatizo hilo kwa muda mrefu: urafiki unastawi vizuri kando ya ziwa huko ng'ambo, kisha kijana anarudi kwenye vizuizi vya barabarani na mazishi, na waliobaki nyumbani hawajabadilika hata kidogo. Wao hawakuwa kambini.

Mimi nilirudi nikiwa nimevaa fulana nyeupe yenye picha ya mikono miwili iliyoshikana. Mjomba alikuwa ameketi mlangoni. Nikamwamkia, akaitika, akaitazama ile fulana kabla ya kusema lolote.

"Kwa hiyo mmepatana."

"Tumeanza kuzungumza, mjomba."

"Vizuri. Na huko mlikokuwa mkizungumza, mwanangu alitajwa?"

Mwanawe alikuwa binamu yangu, tumekua pamoja, na aliuawa katika usiku wa kwanza wa machafuko. Nikamjibu ukweli, kwamba hakutajwa. Waendeshaji wa warsha walikuwa wametuomba tuzungumzie yajayo, tuyaache yaliyopita.

"Basi humu ndani kwangu usiingie na hiyo fulana," akasema.

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitia uzito. Alisema kama mtu anayekukumbusha kuvua viatu.

Tuna methali ambayo kila kikao cha amani huianza nayo: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimeisikia ikitoka kwa wazee, kwa viongozi wa dini, kwa wafadhili waliofundishwa kuitamka. Ni methali nzuri kwa ndugu waliokosana kwa maneno. Kwa aliyezika mtoto ni kama kumwambia anyamaze. Mama mmoja wa upande wa pili aliwahi kusimama katikati ya mkutano, baada ya mzee kuitaja kwa mara ya tatu, akasema: "Kwako yamepita. Kwangu bado yanapita kila jioni." Akaketi. Mkutano ulikwama pale kwa muda, na kwa maoni yangu huo ndio wakati pekee wa maana katika siku nzima.

Kutokana na maneno ya mjomba nilirudi kwenye kundi na ombi moja: tuanze na majina. Tulibishana sana. Wenzetu wa kule walihofu kwamba majina yataleta hesabu, hesabu italeta swali la nani aliua zaidi. Wa kwetu walikataa kwa sababu nyingine. Katika orodha ya upande wa pili kulikuwa na kijana ambaye kwetu alijulikana kama mshambuliaji, aliyeuawa akiwa na panga mkononi. Je, huyo naye asomwe kama marehemu? Kwa mama yake ni marehemu. Hapo tulikaa muda mrefu, na sidhani kama kuna mwongozo wowote wa mafunzo unaoweza kukutatulia jambo hilo. Mwishowe tulikubaliana kwamba karatasi itakuwa na mambo matatu tu: jina, umri, na nani alibaki nyuma yake. Namna alivyokufa na nani alimuua hayataandikwa, si kwa sababu hayana maana, ila kwa sababu yana mahali pake, na mahali hapo si mbele ya vijana wasio na uwezo wa kumfikisha mtu popote.

Kisha tukabadilishana karatasi. Kila upande ukasoma kwa sauti majina ya wenzake.

Majina ya watu wa kule ni magumu kwa ndimi zetu, na ya kwetu ni magumu kwao. Jina la binamu yangu liliangukia kwa binti mmoja ambaye naye alikuwa amempoteza kaka yake. Alilisoma vibaya. Akaniangalia, nikamtamkia, akarudia, bado likampinda, akarudia tena mpaka likakaa. Nilipomsimulia mjomba, hakuuliza lolote kuhusu mkutano, wala kuhusu amani. Aliuliza: "Mwisho alilitamka sawasawa?" Nikamwambia ndiyo. Tangu siku hiyo hajawahi kuvuka barabara, hajahudhuria kikao chetu hata kimoja, na watu wa kule bado anawaita majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Ila vijana wa kijiweni walipotaka kunishughulikia wakiniita msaliti, yeye ndiye aliyewaambia waniache.

Ulinzi wa namna hiyo haupatikani kwenye warsha. Na hapa natofautiana na ushauri tuliopewa mara nyingi, kwamba mpatanishi ajivue ukabila, udini na kila alichonacho, awe mtu wa katikati. Mtu wa katikati hana ndugu. Hakuna anayemsikiliza siku mambo yakiharibika. Nikitafuta mfano, nawafikiria Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye wa Kaduna, Nigeria. Kila mmoja alikuwa kiongozi wa vijana wapiganaji wa dini yake. Katika mapigano ya 1992 Wuye alipoteza mkono wa kulia, na Ashafa akapoteza mwalimu wake pamoja na binamu zake wawili. Mwaka 1995 walianza kufanya kazi pamoja na kuanzisha kituo cha usuluhishi kati ya dini zao. Wuye amesimulia waziwazi kwamba miaka ya mwanzo, walipokuwa wakilala chumba kimoja safarini, alijiwa na wazo la kumziba mwenzake pumzi kwa mto. Ninachokithamini kwao ni kwamba hakuna aliyeiacha dini yake ili ampendeze mwenzake. Imamu alibaki imamu kamili, mchungaji akabaki mchungaji kamili, na kwa hiyo kila mmoja aliweza kuingia kwao na kusema maneno ambayo mgeni angepigwa kwa kuyasema.

Baada ya majina, kilichotufundisha zaidi ni uvumi.

Usiku mmoja picha ya nyumba inayoungua ilizagaa kwenye simu za kwetu. Maelezo yalikuwa mafupi: wameanza tena, hii ni nyumba ya mtu wetu aliyebaki kule. Nilipofika kijiweni vijana walikuwa wameshakusanyika, wengine na marungu. Nikampigia mwenzangu wa upande wa pili.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Kuna nini?"

"Toka nje uniambie unaona nini."

Nikamsikia akifungua mlango, mbwa wakibweka. "Hakuna moshi," akasema. "Hakuna kelele. Majirani wamelala. Umetumiwa picha gani?"

Nilimtumia. Akanijibu papo hapo: paa kwenye picha ni la vigae, na mtaa mzima ule hauna nyumba ya vigae. Nikawageukia wenzangu na kuwaeleza. Yule aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote akaniuliza: "Umeambiwa na nani? Na huyo wa kule?" Wengine wakacheka. Mmoja akamalizia kwa methali ambayo imewamaliza watu wengi kuliko wanavyojua wanaoitumia: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Ushahidi niliokuwa nao ulikuwa kamili, lakini haukufaa kitu, kwa kuwa ulitoka kwa mtu asiyeaminika kwetu. Kwa hiyo nikamwambia yule mwenye sauti kubwa twende wote. Nilijua hawezi kukataa mbele ya wenzake. Mwenzangu wa kule naye akaja na mtu wake mmoja mkorofi, tukakutana barabarani na tochi, tukaongozana mpaka nyumba iliyotajwa. Ilikuwa imesimama, imefungwa, na kuku wamelala juu ya ukuta. Yule kijana wetu aliizunguka nyumba nzima akimulika kila dirisha. Hakusalimiana na mtu. Tuliporudi aliwaambia wenzake kwa hasira, kana kwamba sisi ndio tuliomwamsha: "Hakuna kitu kule. Nendeni mkalale."

Wakaenda. Ningesema mimi maneno hayo hayo, kungepambazuka tukiwa na maiti.

Baadaye nilisoma kwamba huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, mwishoni mwa miaka ya 1990, watu waliojitolea katika mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti iliyotenganishwa kwa kuta walianza kupewa simu za mkononi kwa kazi kama hiyo: kumpigia mwenzako wa ng'ambo ya ukuta kabla mawe hayajaruka. Kuta zenyewe, ambazo za kwanza zilijengwa 1969, nyingi bado zipo, miaka mingi baada ya mkataba wa amani wa 1998. Hilo halinivunji moyo. Linanieleza tu kwamba simu ile haikukusudiwa kuondoa ukuta.

Tangu usiku ule tuna namna yetu ya kufanya. Haturushi kanusho kwenye kundi kubwa kwanza, tunamtafuta aliyeanza kuituma picha na kuongea naye kwa upole, maana mara nyingi naye ametumiwa na ameogopa. Kanusho likitoka, linatoka kwa sauti ya mtu anayejulikana kwetu kuwa hana huruma na upande wa pili. Picha ya uongo haturudii kuituma hata kwa lengo la kuikanusha, kwa kuwa watu huikumbuka picha na kusahau maelezo. Na kila upande tuna majina ya wale wakorofi wawili watatu ambao wakisema "nendeni mkalale" watu wanalala. Hao ndio tunaowatembelea siku za kawaida, mambo yakiwa shwari. Kuwatafuta usiku wa fujo ni kuchelewa.

Nadhani hapa ndipo vikundi vingi hukosea katika kuchagua watu. Mratibu anapotafuta vijana wa warsha huwachukua waliosoma, wanaojua kujieleza, wenye tabasamu la picha. Kwetu tunao, tunawaita vijana wa semina, na wamehudhuria mpaka wanajua mwezeshaji atasema nini kabla hajafungua kinywa. Hakuna kati yao aliyewahi kurusha jiwe. Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Desemba 2015, lilikuwa hatua kubwa kwa kutambua kwamba vijana ni washirika wa amani na si tatizo la kudhibitiwa, na nimelitumia mara nyingi kudai kiti kwenye vikao vya wazee. Ila linamhesabu kijana kuwa wa miaka 18 hadi 29. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unasema 15 hadi 35. Wa kwetu waliokuwa mstari wa mbele siku za fujo wengi walikuwa na miaka kumi na minne hivi, hawaingii kwenye fomu ya mfadhili yeyote, na hakuna posho inayoandikwa kwa jina lao. Tuliwaleta hivyo hivyo. Walikuwa wakaidi na wachafuzi wa ratiba, na bila wao tungekuwa tunapatanisha watu ambao hawakugombana.

Posho nayo niitaje nipite. Ukilipa watu kuja kwenye mkutano wa amani, watakuja, na siku posho ikikatika utajua walikuja kwa nini. Nauli ya aliyetoka mbali ni haki yake. Zaidi ya hapo mimi siafiki.

Mpira wa amani pia tumeucheza, na nina jambo moja la kusema. Timu ya upande wetu dhidi ya timu ya upande wa pili ni vita vyenye refa. Changanyeni wachezaji ndani ya timu, au msicheze.

Kazi ya mikono imetufaa kuliko mazungumzo yote. Kulikuwa na daraja la miguu lililobomoka, watoto wa pande zote walilitumia kwenda shule, na tangu machafuko kila upande ulisubiri mwenzake alitengeneze ili usionekane umenyenyekea. Tukaamua kulijenga sisi. Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Fundi wetu mkuu alitoka upande wa pili, na vijana wa kwetu hawakuvumilia kuamriwa naye shika hapa, inua pale. Kila amri ilisikika kama tusi. Tukamtafuta fundi wa pili kutoka kwetu, tukawapa mamlaka sawa, huyu mbao na huyu zege, na maneno yakapungua. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika kwamba kukutanisha makundi yenye uhasama huleta nafuu pale tu watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano wa kweli, na baraka za wenye mamlaka. Kwenye daraja letu hadhi sawa ilikuwa kwamba kila upande una fundi wake. Kabla ya hapo tulikuwa na vibarua na bosi.

Mwaka huo huo wa 1954 mwanasaikolojia mwingine, Muzafer Sherif, na wenzake waliwapeleka wavulana 22 kambini Oklahoma, wakawagawa makundi mawili na kuwashindanisha mpaka wakafikia kuchomeana bendera. Kisha wakajaribu kuwapatanisha kwa kuwaweka tu mahali pamoja, kwenye chakula na kwenye filamu, na matusi yakazidi. Kilichowapoza ni maji ya kambi kukatika na lori kukwama, shida ambazo kundi moja peke yake lisingeziweza. (Utafiti wa namna hiyo kwa watoto leo usingeruhusiwa, na ni sawa.) Nikisoma habari hiyo nakumbuka ubao mrefu wa daraja letu. Haukuweza kubebwa na mtu mmoja, wala na wawili wanaotembea kwa mwendo tofauti. Kijana wetu na kijana wa kule waliubeba kutoka barabarani, na ili usiwaponyoke ilibidi wahesabu hatua kwa sauti, moja mbili, moja mbili, watu ambao walikuwa hawajasemezana neno. Siku nyingi walizungumza habari za mitihani, wasichana, na wachezaji wa mpira. Habari za ule usiku zilikuja zenyewe, wakati wa kupumzika, mtu akiwa anakwaruza zege kwenye kucha zake na hamtazami mwenzake usoni. Sijawahi kusikia maelezo ya wazi kama yale katika ukumbi wowote wenye viti vya duara.

Lakini hata kazi ya mikono lazima ipite kwa wenye nyumba kwanza. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Cérésole alikusanya watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, Wajerumani wakiwamo, wakaenda kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, mahali palipokuwa pamesagwa na vita vilivyokwisha miaka miwili tu iliyopita. Wazo lilikuwa la kishujaa na ndilo chimbuko la Service Civil International, ambayo hadi leo hupeleka vijana katika kambi za kazi duniani kote. Hata hivyo uhasama wa huko dhidi ya Wajerumani ulikuwa mkubwa, na 1921 kazi ikasimamishwa. Siwalaumu wanakijiji. Aliyefiwa ana haki ya kuulizwa kabla hajaletewa mkono wa adui umjengee ukuta. Sisi, kabla ya msumari wa kwanza, tulizunguka nyumba za waliofiwa wa kwetu, mmoja mmoja. Wawili walikataa. Tuliwasikiliza, tukawaeleza kwamba daraja litajengwa, na tukahakikisha hakuna kijana wa kule anayepita mbele ya nyumba zao akienda kazini. Njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu, na vijana wa kule waliifuata bila kuulizwa mara mbili.

Halafu kuna siku ambayo upande wako unaua. Wengi huacha kujitolea hapo, na siwezi kuwasema vibaya. Kule Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakati wa mapigano ya koo mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wachache wa koo mbalimbali, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, walianza kwa kulinda soko ili mwanamke wa ukoo wowote auze na kununua bila kubughudhiwa. Kazi yao ilikua, ikawavuta wazee na vijana, na kufikia 1995 kulikuwa na Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Inasimuliwa kwamba waliulizana swali moja kabla ya kuanza: watu wangu wakija kuwaua ndugu zako, utaendelea kufanya kazi nami? Asiyeweza kuitikia, abaki nyumbani.

Sisi tuliliuliza swali hilo tukiwa tumeshaanza, baada ya kijana wa kule kuchomwa kisu na mtu wa kwetu. Ukumbi ulinyamaza, wengine wakatoka. Nilichojifunza siku zile ni cha kiutendaji tu. Wa kwanza kwenda kwa familia ya aliyeuawa anatakiwa awe wa upande uliotenda, aende mapema, bila fulana, bila kamera, bila maelezo ya kwamba aliyefanya vile ni mhuni asiyetuwakilisha. Maelezo hayo yanaweza kuwa kweli, lakini mlangoni pa msiba yanasikika kama utetezi. Na kwetu, kazi ilikuwa kuzuia yule muuaji asigeuzwe shujaa. Hilo lilikuwa gumu mara kumi. Waliosema wazi kwamba amekosea walipoteza marafiki, na mmoja alifukuzwa nyumbani.

Nikichoka huwafikiria wanafunzi wa sekondari ya Nyange, Rwanda. Tarehe 18 Machi 1997 washambuliaji waliingia madarasani usiku, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa, na baadhi yao wakauawa pale pale. Leo wanahesabiwa miongoni mwa mashujaa wa taifa. Wahutu waliokuwamo wangeweza kujiokoa kwa kusogea hatua chache tu kuelekea upande wao.

Swali lililo mezani kwetu hivi sasa halijapata jibu. Kijana wa kwetu aliyekuwa kwenye mashambulizi, aliyetumikia kifungo akatoka, anataka kujiunga. Anasema anawajua wakorofi wa kizazi kipya kuliko sisi, na anasema kweli. Wenzetu wa upande wa pili hawajamkataa. Waliomkataa ni wa kwetu, hasa wale vijana wa semina, wanaoona atalichafua kundi. Mjomba, nilipomuuliza, alisema huyo ndiye pekee kati yetu anayejua anachokisema. Kwa sasa tumekubaliana abebe mbao, kwa kuwa daraja linahitaji kubadilishwa mihimili miwili kabla ya mvua, na asiongee kwenye kikao mpaka familia aliyoidhuru iulizwe. Kwenda kuwauliza kumeniangukia mimi pamoja na yule binti aliyelisoma jina la binamu yangu, na yeye ameshasema mapema kwamba wakikataa hatarudi kuwaomba mara ya pili.